Upawa ni kitu gani hasa: ni kile cha kifuu tu, au hata cha bati?

#1 MkeWaPwani

Salamu wakuu. Mimi mtu wa Dodoma, nimeolewa Tanga mwaka huu. Jumamosi kulikuwa na wageni kwa mama mkwe, tuko jikoni wanawake kama sita. Mama akasema bila kugeuka, "Mwanangu, nipe upawa." Nikatazama kwenye vyombo, nikachukua mwiko nikampa. Akaupokea, akauweka pembeni taratibu, akasema, "Huu wa kusongea. Mimi napakua mchuzi." Wifi yangu akanipita, akachukua kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, akampa.

Hakuna aliyenicheka, ila neno lile limenikaa kichwani. Tangu siku hiyo nimeuliza watu wanne. Wifi anasema upawa ni wa kifuu basi, wa bati ni kijiko. Mume wangu anasema chochote chenye kina na mpini mrefu ni upawa, hata kiwe cha plastiki. Jirani yetu mmoja anasema upawa ni mwiko mdogo. Mdogo wangu aliyeko chuo anasema alilisoma neno hilo shuleni, hajawahi kulisikia mdomoni mwa mtu.

Naomba wajuzi mnisaidie. Jina limetokana na umbo, na kile ulichotengenezewa, au na kazi? Na kazi zake ni zipi zaidi ya kupakua mchuzi?

#2 MpishiWaShughuli

Karibu Tanga dada. Mumeo yuko sahihi. Huu mwaka wa 19 napika kwenye shughuli za watu: arusi, hitima, maulidi. Kwenye masufuria makubwa natumia upawa wa aluminiamu wenye mpini unaonifika kifuani, na vijana wangu wote wanauita upawa.

Kazi zake ni nyingi. Kupakua mchuzi, supu na uji, hiyo kila mtu anajua. Kuengua povu nyama inapoanza kuchemka, na kuengua mafuta yanayoelea mchuzi ukishatulia. Kupima tui. Kumimina rojo la vitumbua na mikate ya kumimina. Kwa vitumbua unataka upawa mdogo, la sivyo kila tundu la karai linafurika. Na kuonja: unachota kidogo, unadondoshea kiganjani, unalamba. Mwiko hauwezi kazi hizo kwa sababu ni bapa. Mwiko unakoroga, unasonga, unageuza wali. Upawa unabeba kitu cha majimaji kutoka hapa hadi pale.

Kwa hiyo kwangu mimi ni kazi inayoupa jina.

#3 BiMkubwaPemba

Mwanangu wa #1, wifi yako kakwambia kweli. Anachosema #2 ni mazoea ya sasa. Upawa asili yake kifuu. Cha bati kilikuja kikalikuta jina lipo, kikalikalia. Nyumbani kwetu ukitumwa upawa ukaja na cha bati utaambiwa urudi.

Na si ukaidi wa wazee tu. Mimi mpaka leo mchuzi wangu nauinjika kwenye chungu. Ukipita mle na upawa wa chuma unakwaruza udongo, na siku unayougonga ukingoni kuudondosha mchuzi, chungu kinapata ufa. Kifuu na udongo vinasikilizana. Halafu ushike mpini wa chuma uliosahaulika ndani ya mchuzi dakika kumi, uone kama utarudia.

#4 MwlMstaafu

Naomba niweke sarufi sawa kabla hatujaenda mbali. Upawa uko ngeli ya U-ZI: upawa huu umevunjika, pawa hizi zimevunjika. Ni kama ufunguo na funguo, ufagio na fagio, na kama uzi huu tunaoandikia, ambao wingi wake ni nyuzi. Nasikia watu mitaani wakisema "mapawa". Si sahihi.

Mwiko uko U-I: mwiko huu, miko hii. Nao una maana tatu ambazo zote zinaishi hadi leo. Wa kwanza ni wa jikoni. Wa pili ni katazo: mgonjwa anapewa dawa pamoja na miko yake, asile hiki, asifanye kile, akikiuka amevunja mwiko. Wa tatu ni wa mwashi, kile kibamba chenye mpini anachotupia na kulainishia saruji ukutani. Jirani wa dada #1 amechanganya kitu bapa na kitu chenye kina.

Kuhusu ubishi wa #2 na #3, kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaueleza upawa kwa kifuu cha nazi na mpini wa mti. Bi Mkubwa ana ushahidi wa maandishi. Lakini kamusi huandika kilichokuwa kikitumika wakati ule; haiwezi kumkatalia mpishi wa leo.

#5 WaMbagala

Mwalimu kaingia, uzi umegeuka darasa la nne. Sasa nauliza: kama wingi wa upawa ni pawa, fundi umeme akiniambia nyumba haina pawa, niende nikamnunulie vifuu?

#6 MwlMstaafu

Wewe kaa dawati la mbele kabisa.

#7 FundiVifuu

Niko Mafia, nachonga pawa na kata, kazi niliyorithi kwa baba yangu mkubwa. Naomba niseme ya upande wa fundi maana wengi mnaongelea chombo kikiwa tayari.

Kwanza nazi iwe imekomaa. Kuna kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Kifuu cha dafu ni laini hakifai kabisa. Cha koroma kinadanganya, unakiona kigumu lakini kikikauka kinajikunja na kupasuka.

Pili, tazama macho. Kila nazi ina macho matatu upande mmoja, mawili magumu na moja laini, na hilo laini ndimo chipukizi linapotokea. Ukikipasua kifuu katikati unapata nusu yenye macho na nusu isiyo na macho. Upawa nachonga kwa ile isiyo na macho. Yenye macho itakuvujia siku moja tu, na itakuwa siku una wageni.

Tatu, namna ya kupasua. Anayetaka kukuna nazi anaigonga kiunoni kwa mgongo wa panga huku akiizungusha mkononi mpaka ifunguke. Mkono ukikosea, ufa unapanda juu na kifuu hicho kinakwenda jikoni kuwa kuni (na kinawaka vizuri sana). Ndiyo sababu mimi natumia msumeno mdogo.

Kisha nakwangua nje mpaka nyuzi zote za kumbi zitoke, na ndani mpaka ile ngozi ya kahawia iishe. Baba mkubwa alikuwa anatumia kipande cha chupa, mimi natumia msasa, kisha namalizia na mafuta ya nazi. Natoboa matundu mawili yanayotazamana, yote karibu na ukingo, maana tundu likishuka chini, mchuzi nao utaishia hapo hapo kwenye tundu. Mpini nauchonga mwembamba upande wa mbele. Unaingia tundu la kwanza, unavuka ndani ya kifuu, ncha inatokeza tundu la pili. Hakuna msumari wala gundi. Ukiutia kwenye maji, mti unavimba, unajibana wenyewe.

Mti wa mpini usiwe wa utomvu wala wa uchungu. Kuna kijana alinichongea mipini ya mwarobaini nikiwa safarini. Yote nikaitoa.

#8 MkeWaPwani

Ahsanteni sana, na ahsante fundi, nilikuwa sijui hata habari ya macho. Umetaja kata. Hiyo nayo ni nini?

#9 BiMkubwaPemba

Kata ni ya maji mwanangu. Upawa ni nusu ya kifuu au chini ya hapo, mdomo mpana, kina kifupi, ili umimine kwa upole juu ya wali. Kata inaachwa kifuu kingi zaidi ya nusu, inakatwa kichwani tu, ili iwe na kina na maji yasimwagike unapoitoa mtungini. Kata inakaa juu ya kifuniko cha mtungi. Aliyekuja na kiu anachota, anarudisha.

Na havibadilishani. Upawa una mafuta. Ukiingia mtungini, maji yote yananuka mchuzi. Mama yangu alikuwa hasemi sana, lakini kwa kosa hilo ulikuwa unaumwaga mtungi wote na kwenda kisimani upya. Nilikwenda mara moja. Sikurudia.

#10 WaMbagala

Subirini. Kata ni ninapoishi mimi, ina diwani. Kata ni ile nguo inayoviringishwa kichwani mtu akibeba ndoo. Na kata ni ya maji. Zote zimetoka kwenye kukata? Maana hata Bi Mkubwa kasema kifuu kinakatwa kichwani.

#11 MwlMstaafu

Ile ya kichwani wengine huiita ngata. Usiunganishe maneno kwa sababu yanalingana sauti. Kaa la moto, kaa wa baharini na kukaa kwenye kiti havina undugu. Kata ya maji inakatwa, ni kweli, lakini upawa nao unakatwa na hakuna anayeuita kata.

#12 NenoKwaNeno

Hapa ndipo nilipokuwa nasubiri. Swali la dada lilikuwa jina limetokana na nini, na hakuna aliyeligusa neno lenyewe. Tazameni: UPAWA na KIPAWA.

Kipawa ni uwezo mtu aliojaliwa. Kinatokana na kupa, kwa umbo la zamani la kutendwa: kupawa, yaani kupewa. Kipawa ni kitu ulichopawa. Sasa upawa ni nini kama si chombo ambacho kwacho watu hupawa chakula? Mpishi anapita na sufuria, kila mmoja anapawa chake. Kwangu mimi neno ni moja, ngeli ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo jina ni la kazi, kama alivyosema #2, na kifuu ni bahati tu ya mahali penye minazi.

#13 MpishiWaShughuli

Umeongea vizuri mno mkuu. Miaka yote hii nashika upawa sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake mna kupa.

#14 MwlMstaafu

Ndugu #12, hoja yako inapendeza, na inapendeza kiasi cha kunitia wasiwasi. Angalia jinsi Kiswahili kinavyounda majina ya vifaa kutokana na vitenzi. Fagia, ufagio. Fungua, ufunguo. Funika, kifuniko. Chuja, chujio. Ziba, kizibo. Mwisho ni -o. Kifaa cha kupea kingeishia na -o.

Mwisho wa kutendwa -wa tunaukuta kwa anayetendwa au kinachotendwa: mpendwa, mteule kwa umbo jingine, na hicho kipawa chako, ambacho ni kitu kilichotolewa. Upawa hautolewi. Upawa ndio unaotoa. Kipawa nakupa bila ubishi. Upawa unabaki na swali.

#15 NenoKwaNeno

Nakubali hoja ya -o ina uzito, Mwalimu. Lakini upawa huenda mwanzoni halikuwa jina la chombo, lilikuwa jina la kipimo, yaani sehemu ya chakula mtu aliyopawa: "nitilie upawa mmoja". Hapo ni kitu kilichotolewa, na kanuni yako inatimia. Kisha jina likahama kutoka kwenye chakula kwenda kwenye chombo. Mbona tunasema "nimekunywa vikombe viwili" na hakuna aliyemeza kikombe? Ikiwa jina linaweza kutoka kwenye chombo kwenda kwenye kinywaji, linaweza kurudi.

#16 Chicha

Mimi nauona mlango mwingine. Ubao ukiwa mdogo ni kibao, ukuta ukiwa mdogo ni kikuta. Basi upawa ukiwa mdogo ni kipawa! Bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, alikuwa na kipawa cha kuchotea samli, na alikuwa anakiita hivyo hivyo kipawa. Kwa hiyo huenda ni kinyume: chombo ndicho kilichotangulia, na watu wakasema fulani kajaliwa kipawa, yaani kachotewa kwa kipawa chake na Mungu, mwingine kachotewa kwa upawa mzima.

#17 MwlMstaafu

Udogo umeueleza sawasawa. Hilo la kuchotewa na Mungu ni zuri kwa mashairi.

#18 NyeriHadiMombasa

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi Mkenya, nyumbani tunaongea Kikuyu na nimekaa Mombasa muda mrefu. Upawa niliujua darasani, kwenye msamiati wa jikoni, kama mdogo wake #1. Nyumbani kwetu hakuna minazi, kwa hivyo tulichotea kibuyu kilichopasuliwa. Kinaitwa ndahi, na kuchota au kupakua ni gũtaha. Unaona kifaa kimeitwa kwa kitendo chake. Hiyo inampa nguvu kidogo NenoKwaNeno, ingawa haimalizi maneno.

Mwiko kwetu ni mũiko. Neno ni lile lile, na mti ni ule ule uliokuwa unatufundisha adabu jikoni. Na kijiko ni gĩciko. Nauliza Mwalimu: kijiko ni mtoto wa mwiko au ni mtoto wa jiko?

#19 MwlMstaafu

Swali zuri kuliko yote ya leo. Njia zote mbili ziko wazi kisarufi. Mti, kijiti, mto, kijito, mwiko ukiuondolea mw- inabaki -iko, ukiongeza kiji- unapata kijiko. Upande wa pili: jiwe, kijiwe; jino, kijino; jiko, kijiko. Kwa maana, mimi naegemea kwa mwiko, kwa kuwa kijiko ni chombo cha kushika kama mwiko, na jiko dogo hulitii mdomoni. Na huko kwenu jiko mnaitaje?

#20 NyeriHadiMombasa

Riko. Ndiyo maana hata mimi sijapata jibu, maana -iko imo humo pia. Labda mwiko wenyewe ni wa jikoni na wote ni ukoo mmoja.

#21 WaMbagala

Naomba tulale na hilo. Dada kauliza chombo cha mchuzi, sasa tuko kwenye ukoo wa -iko.

#22 MsomajiTu

Nimefuata uzi tangu jana. Kuna methali inasema "Maji ya kifuu bahari ya chungu". Nadhani inahusu haya haya: chungu kikubwa hujazwa kidogo kidogo kwa kifuu, yaani kwa upawa, mpaka kiwe bahari. Kwa hiyo hata wahenga waliujua upawa.

#23 BiMkubwaPemba

La hasha mwanangu. Chungu hapo si cha kupikia. Chungu ni mdudu, sisimizi. Maji yaliyotuama ndani ya kifuu kilichotupwa uani, kwa sisimizi ni bahari, anaweza kuzama. Maana yake kidogo kwako ni kikubwa kwa mwenzako. Upawa haumo.

#24 MsomajiTu

Ahsante bi. Miaka yote hiyo nilikuwa naona chungu na upawa.

#25 Chicha

Naye hakukosea njia mbali sana. Kifuu kipo, chungu kipo, kilichokosekana ni mpini.

#26 MpishiWaShughuli

Tuongee hilo la kipimo alilogusa #15, maana limewahi kuniadhiri. Ilikuwa hitima, watu wengi, nimepiga hesabu ya mchuzi kwa pawa: kila sahani upawa mmoja, na upawa wangu ninaujua unavyobeba. Katikati ya kupakua mpini ukang'oka kwenye rivet. Kijana mmoja akaenda nyumba ya jirani, akaleta upawa mwingine. Hakuna aliyetazama ukubwa. Tukapakua upawa mmoja kwa sahani kama mwanzo, na mistari mitatu ya mwisho wakakuta mchuzi umekwisha, umebaki wali na kachumbari. Nilimwomba radhi mwenye shughuli mimi mwenyewe.

Tangu siku ile naondoka nyumbani na pawa mbili zinazolingana. Anayepika kwa watu wengi asiseme "pawa mia mbili" bila kusema upawa upi.

#27 FundiVifuu

Hapo bati linanishinda. Nazi hazilingani, kwa hiyo hata pawa zangu hazilingani. Niliupima wa nyumbani kwangu kwa chupa ya maji, ukachukua mililita 180; wa dada yangu, nazi za shamba lile lile, ukafika 230. Mteja akitaka mbili za kulingana nachagua vifuu mpaka mchana unaisha.

#28 MkeWaPwani

Wakuu, kuna jambo jingine. Mama mkwe haruhusu upawa kulala ndani ya chungu cha mchuzi uliobaki. Juzi nilifunika na upawa ukiwa ndani, mpini umetokeza, akaja kuutoa. Nilipouliza akasema "si vizuri" akaishia hapo. Ni mwiko (wa aina ya pili ya Mwalimu), au kuna sababu?

#29 BiMkubwaPemba

Kwetu pia haulazwi chunguni. Tuliambiwa unalaza njaa ndani ya nyumba, maana upawa uliolala haujaoshwa, na nyumba isiyoosha upawa haikutarajia kupakua kesho.

#30 MpishiWaShughuli

Sababu ni kuchacha. Mchuzi wa nazi huchacha haraka, na mpini ukitokeza, kifuniko hakifungi, hewa na vidudu vinaingia. Halafu mtu kashaonja, kashaushika kwa mkono wa jasho, kaurudisha. Ukitaka mchuzi wa tui ufike asubuhi, toa upawa, chemsha tena, acha upoe, funika vizuri.

#31 FundiVifuu

Na upawa wenyewe unaharibika. Kifuu kikilala kwenye mchuzi, mti wa mpini unavimba kupita kiasi, ukikauka unalegea, tundu linapanuka. Na mahali mpini unapopita ndani hukaa utando usiouona. Osha mara tu ukimaliza, sugua pale kwenye tundu, kausha, anika juani. Usiufungie kabatini ukiwa mbichi, utaota ukungu. Mara moja moja upake mafuta ya nazi. Ukitunzwa hivyo unakaa miaka.

#32 NenoKwaNeno

Kwa hiyo katazo ni moja, sababu tatu. Nani aliyemtangulia mwenzake, njaa au kuchacha?

#33 Chicha

Bibi yangu angekwambia ukiamka mchuzi umechacha, hiyo ndiyo njaa yenyewe.

#34 WaMbagala

Nami nina langu, la kweli kabisa. Kupakua chakula, kupakua mizigo bandarini, na sasa kupakua programu kwenye simu. Mwalimu, hapo pana undugu au na hapo nikae dawati la mbele?

#35 MwlMstaafu

Hapo umepata, na nakupongeza. Pakia na pakua ni jozi, kama funika na funua. Unapakia chombo, unapakua chombo. Chungu kimepakiwa chakula, upawa unakishusha, sawa na makuli wanavyoshusha shehena. Na waliolitumia kwa simu walichagua vema, kwa kuwa kitu kinashushwa kutoka kilipohifadhiwa.

#36 NyeriHadiMombasa

Basi upawa ni mzigo wa makuli mmoja mmoja.

#37 WaMbagala

Nimehama dawati.

#38 MkeWaPwani

Nimerudi na ripoti. Leo nilikuwa peke yangu na mama mkwe, nikamuuliza waziwazi. Nikaleta vyote viwili mezani, cha kifuu na kile cha bati anachotumia kwa uji wa wajukuu. Nikaonyesha cha kifuu, akasema "upawa". Nikaonyesha cha bati, akanyamaza kidogo, akasema "upawa wa bati".

Wifi alikuwa mlangoni. Akasema, "Mama, wewe ulitufundisha hicho ni kijiko!" Mama akamjibu, "Kijiko utakitia mdomoni. Hiki utakitia mdomoni?"

#39 MpishiWaShughuli

Mama kamaliza. Ameuita upawa.

#40 BiMkubwaPemba

Hajamaliza lolote. Msikilize vizuri: cha kifuu kakiita upawa, basi. Cha bati kakiongezea "wa bati". Mwenye nyumba hatajiwi kwao. Mgeni ndiye anayetajiwa alikotoka.

#41 MpishiWaShughuli

Mgeni aliyepewa jina la ukoo, bi, si mgeni tena.

#42 MwlMstaafu

Nawasoma wote wawili na siwezi kumwondoa yeyote darasani. Ila naomba tusisahau -o.

#43 NenoKwaNeno

Sijaisahau Mwalimu. Nawauliza wenye lahaja: Lamu, Kimakunduchi, Kitumbatu, Kimtang'ata, chombo hiki mnakiitaje, na je, "kupawa" kwa maana ya kupewa bado mnalisikia kwa wazee? Andikeni hata neno moja.

#44 FundiVifuu

Wakati mnasubiri lahaja: dada #1, mpini wa upawa wa mama mkwe unacheza au umekaza? Kama unacheza usipige msumari, kifuu kitapasuka. Uloweke mchana mmoja kwanza.

#45 MkeWaPwani

Unacheza kidogo fundi. Nauloweka kesho asubuhi, ila kwanza nimwombe ruhusa mwenyewe.